Mshale Mrefu Ndio Shahidi

Chumba cha walimu
4 Februari

Mdogo wangu,

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu huwa unaitikia "ndiyo dada, ndiyo dada," na ukishakata umesahau kila kitu. Iweke hii mezani kwako, juu ya vyuma vyako, ikukodolee macho mpaka umalize nilichokutuma.

Nataka saa. Sitaki nzuri. Nataka zile mbovu mbovu ulizojaza kwenye makopo chini ya meza, ambazo wenyewe walizileta kutengenezwa wakapotea moja kwa moja. Za mkononi, za mezani, zozote. Uzing'oe vioo. Darasa langu linaanza kujifunza kusoma saa kwa vidole.

Najua umeshaguna. Najua msemo wako kwamba mshale wa saa hauguswi. Basi huku utaguswa, tena na watoto ambao wametoka kula maembe.

Nimewauliza saa ni nini. Mmoja akasema ni kitu ambacho watu wakikiangalia wanaanza kukimbia. Nilicheka mpaka nikaketi. Lakini fikiria, kwa mtoto asiyeona, saa ni nini zaidi ya hapo? Yupo msichana tunayemwita Swali, na jina hilo amelitolea jasho. Yeye akauliza: "Kama inajua muda, kwa nini haisemi?" Nikasema tutamwandikia fundi.

Wengi darasani hawaoni kabisa. Wachache wana uoni hafifu, wanapata vivuli na rangi. Halafu kuna mwanafunzi mmoja mkubwa, si wa darasa lile hasa, ila anakaa nasi. Huyu ndiye anayegonga kengele ya shule, na macho yake yanakwenda kidogo kidogo. Akishindwa kujua saa, kengele itachukuliwa, na bila kengele sioni watamwachia kazi gani hapa. Atarudishwa nyumbani akakae. Hilo linaninyima usingizi. Mtengenezee yake peke yake: uso mweusi, mishale ya njano, minene. Usichelewe.

Msalimie wifi na watoto.

Dada yako


Kibandani
13 Februari

Shikamoo dada,

Barua imekaa juu ya vyuma vyangu kama ulivyoagiza. Mke wangu kaisoma kabla yangu, kacheka, kasema, "Leo umepatikana."

Sasa nisikilize na mimi. Vidole vya binadamu vina jasho, vina mafuta, na vina ujuaji. Mshale wa saa ya mkono ni mwembamba kama unyoya. Mtoto akiugusa mara mbili unapinda, mara ya tatu unalala, mara ya nne nausikia ukilia mpaka huku. Kwanza saa zenyewe nimezifufua zikatembea, kisha nimeing'oa mishale yote nikakata mingine kwa bati la kopo. Haipendezi, ila hata Swali wako akiing'ang'ania haitavunjika. Kwenye kila namba nimedondosha tone la lehemu. Kwenye kumi na mbili nimeweka matone mawili.

Maana hapo ndipo nilipokwama, dada. Uso wa saa ni duara. Mtu asiyeona anajuaje juu ni wapi? Mimi sikuwahi kufikiri kwamba saa ina kichwa. Ndiyo nikaweka matone mawili pale juu, na kile kitufe cha pembeni kikae mkono wa kulia. Niambie kama inatosha.

Halafu nikaona nijaribu mwenyewe. Nikafumba macho, nikagusa saa ambayo nimeitengeneza kwa mikono hii, nikatangaza kwa kujiamini: saa nane na robo. Mke wangu akasema, "Mume wangu, hiyo ni saa tisa na dakika kumi." Nilichukua mrefu nikamfanya mfupi. Miaka yote hii nakula kwa saa, na nikifumba macho sijui hata moja! Nimebaki najiuliza hao watoto vidole vyao vina nini ambacho vyangu havina.

Swali langu: si siku hizi kuna simu zinazoongea? Unabonyeza, inataja saa. Mnajitesea nini?

Nimempa dereva wa basi kifurushi. Ile nyeusi ya mwanafunzi mkubwa imo, nimeifunga kwenye kitambaa.

Mdogo wako, fundi


Chumba cha walimu
27 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Kifurushi kimefika, na darasa limegeuka soko. Kila mtoto kashika saa, kila mtoto anamwambia mwenzake kakosea.

Kuhusu simu zinazoongea: ndiyo, zipo. Lakini kinachosema kinasema kwa wote. Wewe ukiwa kwenye mkutano umechoka, unachungulia saa kimya kimya. Sisi tubonyeze simu, ukumbi mzima usikie "saa kumi na dakika ishirini" na mgeni rasmi ajue tumemchoka? Kwenye chumba cha mtihani simu haziingii kabisa. Na simu huzimika chaji. Kidole hakizimiki.

Vidole vyao havina chochote cha ajabu. Wewe umegusa kwa ncha na kwa haraka, kama unayepima pasi kama imepata moto. Wao ninawafundisha kuweka kidole cha kwanza katikati, kwenye msumari, halafu kutambaa nje polepole. Ukifika mwisho wa mshale mapema, huo ndio mfupi. Kisha unatafuta mwingine. Tumejitungia msemo, wanauimba hadi bafuni: mfupi kwanza, mrefu ndio shahidi. Mfupi akikwambia ni karibu saa nne, usimwamini mpaka umuulize mrefu.

Matone mawili juu yanatosha. Umefanya vizuri, ingawa sitalirudia hilo.

Sasa pokea mzigo wako. Nilikuwa nawafundisha kama sisi tulivyofundishwa: mshale mfupi ukiwa kwenye saba, tunasema saa moja. Ukiwa kwenye nane, saa mbili. Swali akanyoosha mkono. "Mwalimu, nimehesabu matone saba. Kwa nini niseme moja?" Nikasema ndivyo inavyosomwa. "Nani aliamua?" Nikasema watu. "Watu gani? Hawakujua kuhesabu?" Darasa likaangua kicheko na mimi nikatafuta chaki ambayo sikuihitaji. Naomba unijibie, wewe si ndiye mwenye saa?

Yule mkubwa anaisoma nyeusi yake vizuri akiwa kwenye dirisha la chumba cha walimu, jua likiwa kali. Ndani inamsumbua.

Dada yako


Kibandani
8 Machi

Shikamoo dada,

Swali huyo alipwe mshahara. Nimekaa na hilo jambo siku nzima, mteja kaja kuchukua saa yake nikampa ya mtu mwingine.

Jibu langu ni hili, naye alipime. Waliotengeneza saa hizi wanaanza kuhesabu siku saa sita ya usiku, watu wamelala. Sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza, watu wameamka na wana akili. Kwa hiyo saa moja yetu inaangukia kwenye saba yao. Tulichukua chombo chao tukabaki na hesabu yetu. Macho yanaona saba, mdomo unasema moja, na katikati kichwa kinapindua bila kumwambia mwenyewe. Mimi nimepindua maisha yangu yote na sikujua kwamba napindua. Ni kama kuambiwa leo kwamba natembea na jiwe kiatuni.

Mwambie Swali kwamba fundi amesema kuuliza si ujinga, na mara nyingine asiyeuliza ndiye mjinga, nikiwemo mimi.

Dada, mwandiko wako umenenepa. Herufi zimekuwa kubwa kama za darasa la kwanza, na mistari inashuka kilima. Au unaandikia magotini?

Mdogo wako


Chumba cha walimu
21 Machi

Mdogo wangu,

Kalamu mbovu, na meza ya chumba cha walimu ina mguu mfupi. Umekuwa mkaguzi wa miandiko?

Ngoja nikupe habari. Nimemsomea Swali jibu lako. Akaomba nilisome tena. Halafu akasema: "Kwa hiyo watu wanaoona wanapindua kichwani kila siku. Kwa nini wasiipindue saa mara moja, wakapumzika?"

Kweli, kwa nini? Ukizungusha kile kitufe mpaka mshale mfupi ukae kwenye moja wakati ni saa moja, basi yameisha. Tone moja, saa moja. Matone manne, saa nne. Mshale mrefu haudhuriki hata kidogo. Tukazizungusha saa zote, na tangu siku hiyo watoto hawakosei. Wale waliokuwa wanalia wanasoma kama maji. Mkuu wa shule alipita, akachungulia saa mezani, akasema, "Mwalimu, saa zako zote zimeharibika." Darasa zima likamjibu kwa pamoja, "Hapana, ni yako!" Aliondoka anaitazama ya mkononi kwake.

Aliyebaki nyuma ni yule mkubwa. Sielewi. Watoto wadogo wanampita. Nikiweka mshale kwenye nne, wao wanasema saa nne, yeye anasema saa kumi. Nikiweka kwenye saba, anasema saa moja. Anaelezwa, anasema ndiyo nimeelewa, na kidole kikigusa tu anarudia lile lile. Si mjinga, naapa.

Wiki iliyopita aligonga kengele ya chakula kabla ya wakati. Aligusa mshale mfupi, ukawa karibu na saba, mara hii hakupindua, akaona ni saa saba, ila hakumuuliza shahidi. Kumbe ilikuwa sita na nusu na kidogo. Shule nzima ikamiminika jikoni, mpishi akatoka na mwiko kama anayetoka vitani. Wamecheka, mkuu naye kacheka. Ila mwenye kengele hakucheka. Alijifungia chooni akalia, na ninajua kwa sababu nilimsikia.

Mtengenezee nyingine. Safari hii achana na rangi, hazimsaidii tena. Matone makubwa zaidi.

Dada yako


Kibandani
2 Aprili

Shikamoo dada,

Saa nimeitengeneza, inakuja na barua hii. Matone makubwa kama punje za mahindi.

Lakini nimekaa na huyo mwanafunzi wako kichwani kama ninavyokaa na saa inayochelewa bila sababu. Saa ikikosea ovyo, ni uchafu. Ikikosea kosa lile lile kila siku, kuna jino moja ndani limekatika, na fundi akilijua kosa anajua jino.

Anakosea kwa kupindua. Matone manne anaita kumi, saba anaita moja. Mtoto ambaye hajawahi kuona saa hawezi kukosea hivyo, dada. Hana cha kupindua. Kwake matone manne ni manne. Nikasema labda huyu aliona alipokuwa mdogo. Nikajaribu hapa nyumbani. Nilizungusha saa kama za Swali, nikamfunga kitambaa mwanangu mdogo, ambaye saa bado hajafundishwa. Hakukosea hata moja. Nikajifunga mimi, na kila mke wangu alipoweka mshale nilipindua, nikijua kabisa kwamba nisipindue. Nilipomfunga yeye, vivyo hivyo. Kosa hilo ni la mtu aliyeangalia saa za ukutani miaka na miaka, mpaka kichwa kikawa kinafanya bila ruhusa.

Sasa niambie, huyo mwanafunzi ana umri gani? Anayegonga kengele, anayejua chumba cha walimu kina dirisha lenye jua, anayelia chooni ukamsikia vizuri hivyo?

Na mistari ya barua yako ya mwisho imepandana. Sentensi mbili umeziandika juu ya nyingine.

Dada, ni wewe?

Mdogo wako


9 Aprili

Fundi,

Saa imefika. Ahsante. Mengine umeyaota, punguza kula usiku.

Dada yako


Kibandani
18 Aprili

Shikamoo dada,

Nimepiga simu, hupokei. Nimepiga tena, imepokelewa na mtu akasema uko darasani, na nyuma nikakusikia ukisema "mwambie niko darasani."

Sikuandika kukufedhehesha. Nimekuwa mdogo wako tangu nizaliwe, najua ukikasirika unaandika fupi, na ukiogopa unaandika fupi zaidi. Mganga hajigangi, dada, wala hakuna anayemcheka kwa hilo. Niambie tu.

Mke wangu anasema nifunge kibanda nije. Nimemwambia nikija bila kuitwa utanifundisha mlango ulipo.

Mdogo wako


3 Mei

Mdogo wangu,

Ni mimi.

Ni presha ya macho. Daktari alisema ilianza zamani, kimyakimya, ikala pembeni kwanza. Sasa naona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu linazibwa. Kilichokwenda hakirudi. Natia matone ya dawa asubuhi na usiku ili kilichobaki kisiende haraka.

Mkuu wa shule hajui. Hajawahi kusema lolote kuhusu kunirudisha nyumbani, hayo niliyaweka mimi mdomoni mwa shule. Lakini nayajua yatakavyokuwa. Watanipa kiti, watanipa chai, wataniambia, "Pumzika mama, umefanya kazi." Mwalimu asiyejua saa ngapi kipindi kinaisha ni mwalimu gani? Darasa ndilo nyumba yangu, sina nyingine.

Na hilo si baya kuliko yote. Umenikalisha uchi, basi acha nimalize. Miaka yote nimekaa na wazazi wanaolia ofisini, nimewashika mabega, nimewaambia: kutoona si mwisho wa dunia. Nimewaambia na watoto wenyewe. Nilisema kwa sauti kubwa, nikiwa naona. Daktari aliponiambia mimi, neno la kwanza kunijia halikuwa hilo. Lilikuwa: nimekwisha. Sasa sijui. Nilikuwa nawaambia ukweli, au nilikuwa nawabembeleza? Ningependa sana kujua, na aibu yangu ni kwamba sijui.

Swali ananifundisha bila kujua. Namwambia, "Hebu nielekeze tena, kama vile mimi ndiye mwanafunzi." Ananishika kidole, ananitambaza kutoka katikati. Ana subira kuliko mimi.

Dada yako


Kibandani
11 Mei

Dada yangu,

Nimeisoma kibandani nikafunga mlango mchana kweupe. Wateja wamegonga wakaondoka. Nimelia, usimwambie mtu.

Mimi ni fundi saa, maneno ya daktari sina na ya mkuu wa shule sina. Nina swali moja tu. Unataka kujua kama kutoona ni mwisho wa dunia, na unaniuliza mimi ninayeona, huku una darasa zima la watu wanaojua jibu?

Waulize.

Mdogo wako


Darasani
6 Juni

Kwa Mzee wa Saa,

Shikamoo. Ni mimi wanayeniita Swali. Ninaandika kwa taipureta ya shule. Kama kuna herufi imekosewa, ni mashine.

Mwalimu amesema nikueleze mwenyewe yaliyotokea maana yeye akieleza atapunguza.

Aliingia darasani akafunga mlango. Akasema, "Nina jambo." Akasogeza saa za mezani moja moja. Halafu akasema kwamba macho yake yanakwisha, na mgonga kengele aliyekosea ni yeye, na alituficha.

Kisha kijana mmoja anayekaa karibu na dirisha la darasa akasema, "Tunajua, mwalimu."

Mwalimu akauliza tangu lini. Tukamwambia tangu mwaka jana. Akauliza tumejuaje. Tukamwambia, "Mwalimu, sisi hatuoni, hatujasema hatusikii." Zamani alikuwa anasahihisha madaftari ya wenye uoni hafifu akiwa amekaa wima. Siku hizi pumzi yake inagonga karatasi. Na akiingia anapapasa mlango kwanza upande wa bawaba, ndipo anahamia wa kitasa. Na akiniambia nimfundishe "kama vile yeye ni mwanafunzi," kidole chake kinang'ang'ania changu, na mtu anayeigiza hang'ang'anii. Akauliza kwa nini tulinyamaza. Tukasema tulidhani ni siri yake.

Halafu akauliza lile swali. Alikuwa amesimama karibu yangu kwa hiyo nililisikia hata kabla hajalianza, maana alivuta pumzi kubwa. Akasema, "Nilipokuwa nawaambia kutoona si mwisho wa dunia, mlikuwa mnaniamini?"

Wote walinigeukia mimi. Nilisikia viti. Nikasema kweli, kwa sababu alituambia tuseme kweli. Nikasema, "Hapana, mwalimu. Ulikuwa unasema vizuri lakini ulikuwa hujui. Sasa ndiyo unakwenda kujua. Ukishajua utuambie, tutakuamini."

Alikaa kwenye dawati langu, akanikalia daftari. Alilia, na akacheka, sikujua lipi lilianza.

Tulikwenda naye kwa mkuu wa shule, darasa lote, tukajaa ofisini. Mkuu alisikiliza. Akasema shule hii ni ya nani, na wasioona wakija hapa huwa wanafukuzwa au wanapokelewa? Mwalimu akasema wanapokelewa. Mkuu akasema basi. Lakini akasema pia kwamba kengele si mchezo, kwa hiyo mwalimu atafanya mtihani wa saa kama sisi, na sisi ndio tutamtahini. Alifeli mara mbili, alipindua tena. Mara ya tatu nilimwambia, "Mwalimu, usifikirie uliyoyajua, hesabu matone tu." Akapata zote. Kengele ni yake.

Ndani ya bahasha kuna barua yake. Ameiandika kwa nukta nundu, zile nukta tunazosoma kwa vidole. Anajifunza kusoma kwa kidole sasa, maana alikuwa anasoma nukta kwa macho, jambo ambalo sisi tunaona ni wizi. Imemchukua jioni nyingi. Amesema mtu yeyote asikusomee. Nimekuwekea karatasi ya herufi, kila herufi nimeitoboa na jina lake limeandikwa pembeni. Mimi nilikagua herufi tu, maneno sikuyasoma. Na kama niliyasoma, nimeyasahau.

Nina swali. Saa ikisimama, muda ulioko ndani yake unakwenda wapi?

Swali


Kibandani
30 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Mwambie Swali kwamba lake bado nalifanyia kazi, na nikishindwa nitasema nimeshindwa.

Barua yako iko mezani, na wateja wanadhani nimerukwa na akili. Mtu mzima, lenzi imening'inia shingoni, nimefumba macho, napapasa karatasi tupu. Mwanzo nilisoma kwa macho, nikiinamisha taa nione vivuli vya nukta. Nilipata herufi mbili, nikamkumbuka Swali, nikaona aibu. Nikazima taa. Kidole changu cha kazi kina sugu ya bisibisi, hakisikii kitu. Ikabidi nitumie kidole cha pete, ambacho maisha yake yote kilikuwa abiria tu.

Neno la kwanza lilikuwa "mdogo". La pili "wangu". Hayo niliyabahatisha, ndivyo unavyoanza siku zote. La tatu lilinikalisha jioni tatu. Nilidhani nimekosea. Nikarudi kwenye karatasi ya herufi, nikaanza upya, nikamwita mke wangu naye afumbe macho aguse. Tukalipata lile lile.

"Naogopa."

Dada, hujawahi kuniambia neno hilo. Tulipomzika mama ulitushika mikono wote ukasema twendeni. Nilipovunjika mguu ulinibeba mgongoni ukinitukana njia nzima ili nisilie. Nilikuwa nadhani wewe hilo neno hukupewa. Kumbe ulikuwa nalo, na ulikuwa unatafuta pa kuliandika ambapo sitalisoma kwa haraka.

Nimelisoma polepole, dada. Sikuwahi kusoma neno lolote polepole hivyo.

Bado niko ukurasa wa kwanza. Sitangoja kuumaliza. Kibanda nimefunga, mke wangu kanifungia nguo, naileta barua yako hivyo hivyo ilivyo, tuimalizie pamoja, wewe kidole chako na mimi changu. Nikikosea unirudishe.

Swali atasema kusoma nukta bila kuziandika ni nusu ya kazi, kwa hiyo nimeandika. Nimegundua nukta zinatobolewa kwa nyuma, kutoka kulia kwenda kushoto, ili mbele zisomeke. Hilo halikunishinda, maana saa nazo tunazifungulia mgongoni. Nimetumia sindano yangu ya kazini. Nimeweza neno moja tu, "nakuja", na liko hapo chini ya jina langu. Asikusomee mtu.

Na mimi naogopa.

Mdogo wako